Je, Wajua? Mtoto wa Jicho Akitolewa, Matone ya Glakoma Huweza Kupungua

Je, wajua kwamba upasuaji wa mtoto wa jicho unaweza pia kushusha presha ya jicho, ambayo katika glakoma huharibu mshipa wa fahamu wa jicho? Lenzi hunenepa kadiri umri unavyosonga. Huisukuma irisi mbele na kuibana pembe inayopitisha maji ya jicho. Ikitolewa na kuwekwa ya bandia iliyo nyembamba, njia hupanuka na maji hutoka.

Je, wajua nani hunufaika zaidi? Wenye pembe iliyozibwa. Utafiti wa EAGLE, uliotoka mwaka 2016 katika jarida la The Lancet, uliwafuatilia wagonjwa 419 kwa miaka 3. Kati ya waliotolewa lenzi, asilimia 60 hivi hawakuhitaji tiba nyingine ya glakoma. Kati ya walioanza kwa leza na matone, ni 21 tu. Na lenzi zilizotolewa zilikuwa bado angavu, hazijaingiwa na mtoto wa jicho!

Je, wajua kwamba kwetu glakoma iliyoenea zaidi ni ile ya pembe iliyo wazi? Watu wazima wa miaka 40 na zaidi walipopimwa Kongwa, Dodoma, takriban asilimia 4 walikutwa na glakoma, wengi wao ya aina hiyo. Kwao, baada ya upasuaji, presha kwa kawaida hushuka kidogo tu, na huweza kupanda tena baada ya muda.

Lakini kidogo si bure. Katika utafiti wa HORIZON, wagonjwa wa pembe iliyo wazi ambao glakoma yao haikuwa kali walitolewa mtoto wa jicho. Miaka 2 baadaye, asilimia 48 hawakuwa wakitumia matone. Wenzao waliowekewa pia kijibomba cha kupitishia maji walifika 78.

Je, wajua kwamba presha inaweza kuruka juu siku ya kwanza baada ya upasuaji? Matone ya steroidi yanayotolewa kutuliza uvimbe nayo huipandisha kwa baadhi ya watu, hasa wenye glakoma. Ndiyo maana kurudi kupimwa ni lazima, hata kama unaona vizuri kabisa.

Mtoto wa jicho akitolewa, nuru hurudi. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishaharibiwa na glakoma, haurudi. Basi ndugu msomaji, usiache matone kwa kuwa sasa unaona vizuri. Beba chupa zako zote uende kliniki, upimwe presha, na daktari ndiye aseme ipi ipunguzwe.