Mwethya Waweza Kuzuia Sumu ya Mahindi

Mkulima wa Kitui au Makueni huogopa ukame kuliko kitu kingine chochote. Lakini mvua inayonyesha wakati wa kuvuna nayo yaweza kuua.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2004. Kufikia Julai mwaka huo watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao wakafariki, wengi wao wakiwa wa wilaya za Makueni na Kitui, ambazo leo ni kaunti. Walikuwa wamekula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayoletwa na kuvu. Wengi waliyalima wenyewe. Wachunguzi waligundua kwamba walioweka mahindi ndani ya nyumba walipatwa zaidi.

Sumu hii hushambulia ini. Mgonjwa hutapika, tumbo huuma na kuvimba, na macho huwa ya manjano. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi huenda akapata saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya hepatitisi B. Kupika hakuiondoi, na punje yaweza kuonekana safi huku ina sumu.

Kinga ni nini? Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu ufikie asilimia 13 hivi. Yasipurwe kwa kupigwa fimbo, maana punje iliyopasuka hufungulia kuvu mlango. Magunia yawekwe juu ya mbao, mahali penye hewa.

Ni rahisi kusema. Lakini mama aliye peke yake shambani, mawingu yakitanda, hana mikono ya kutosha wala turubai. Mwenye njaa naye hawezi kuambiwa atupe gunia lake la pekee.

Hapa ndipo mwethya unapohitajika. Kwa desturi hii ya Wakamba, majirani hukusanyika na kufanya kazi ya mmoja wao leo, ya mwingine kesho. Vikundi vya namna hii, vyenye wanawake wengi, vimechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kujenga mabwawa ya mchanga. Kikundi chaweza pia kununua turubai na kipima unyevu cha pamoja, kuvuna haraka kwa zamu, na kuweka akiba ya nafaka ili atakayetupa mahindi mabovu asilale njaa. Chaweza kunyunyiza Aflasafe KE01, dawa iliyosajiliwa nchini mwaka 2015, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua.

Msomaji wa mjini asidhani hayamhusu. Mwaka 2004, zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi ya sokoni zilizopimwa katika maeneo hayo zilizidi kiwango kilichoruhusiwa. Ukipelekewa gunia kutoka nyumbani, uliza lilikaushwa vipi. Na ukituma pesa za mbegu, ongeza za turubai.