Ukitengeneza Hapa, Linavunjika Pale

Mtu hununua lori la rimoti la kipimo cha 1:10, lenye shokapu za mafuta na matairi ya meno makubwa, akalifurahia jioni mbili tatu. Kisha mkono unaoshika gurudumu la mbele unakatika. Akiona ni wa plastiki, anaagiza wa alumini. Baada ya siku chache mkono mpya uko salama, ila kitako unapofungwa kimepasuka. Akibadilisha kitako, inafuata difu. Hapo wengi huamua kwamba wameuziwa gari bovu, kumbe mara nyingi gari ni zima na linatii fizikia tu.

Tuanze na kasi. Lori la kilo 3 likienda kilomita 60 kwa saa hubeba nishati ya mwendo ya jouli 400 na zaidi. Likigonga ukingo wa barabara kwa kasi hiyo, ni kama limedondoshwa kutoka mita 14, juu ya paa la nyumba ya ghorofa. Kwa kilomita 30 urefu huo hushuka hadi mita tatu na nusu, maana nishati hufuata mraba wa kasi. Ndiyo sababu betri peke yake inaweza kubadili maisha ya gari. Betri ya lithiamu ya seli mbili ina volti 7.4, ya seli tatu ina 11.1. Mota huzunguka kulingana na volti inazopewa, kwa hiyo kasi yaweza kupanda mara moja na nusu, na nishati ya kugonga mara mbili na robo. Gia, pini na mikono ni ileile ya jana.

Udogo nao una faida yake. Mwaka 1638 Galileo alieleza kwamba kitu kikipunguzwa vipimo, uzito hupungua haraka kuliko uimara. Urefu ukigawanywa kwa 10, uzito hugawanyika kwa 1,000, lakini eneo la mkato linalobeba mzigo hugawanyika kwa 100 tu. Ndiyo maana lori hili huruka na kutua kwa namna ambayo ingeliacha lori halisi chuma chakavu. Ila kasi hatuipunguzi kwa kipimo hichohicho.

Turudi kwenye mkono wa alumini. Nailoni, yaani plastiki ya mkono ule wa kwanza, hupinda inapogongwa, na kupinda huko humeza sehemu ya nishati na kurefusha muda wa mgongano. Muda ukirefuka, kani hupungua. Alumini hupinda kidogo sana, hivyo kishindo kinapita moja kwa moja kwenye pini, kitako, hata chesisi yenyewe. Kwangu mimi, hakuna pesa inayopotea kirahisi kama ya kuimarisha kila kilichovunjika. Kabla ya kuagiza chochote, chagua kwanza kitu utakachokubali kivunjike: kiwe cha bei ndogo, kifunguke kwa skrubu chache, kisiburute vingine. Mkono wa nailoni una sifa zote hizo. Ndio fyuzi ya gari.

Difu huvunjwa zaidi na kidole cha dereva kuliko na mawe. Gari likiwa hewani magurudumu hayana mzigo, na kifyatulio cha rimoti kikiwa bado kimebanwa yanazunguka kasi ajabu. Yakigusa ardhi hulazimika kupunguza mzunguko papo hapo, na mshtuko wote unarudi kupitia shafti hadi kwenye meno ya difu. Kifyatulio kiachiwe kabla ya kutua.

Kifaa kilichoharibika kisitupwe kabla hakijatazamwa kwa makini. Gia yenye meno yaliyolika ncha pande zote imefungwa mbali mno na mwenzake. Yenye meno mawili yaliyokatika mahali pamoja imepigwa na mshtuko. Nafasi baina ya gia ndogo ya mota na gia kubwa hupimwa kwa ukanda wa karatasi ya kawaida: uchomeke katikati ya meno, sukuma mota hadi gia zibanane, kaza skrubu, kisha zungusha utoe karatasi. Ikitoka imekunjika mikunjo bila kukatwa, nafasi ni nzuri.

Zipo pia skrubu zinazojifungua zenyewe. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua bolti zaidi ni mtikisiko wa kwenda kando, unaofanya nyuzi ziteleze kidogo kidogo hadi mkazo uishe. Kwa skrubu inayoingia kwenye chuma, tone la gundi ya nyuzi latosha. Gundi hiyo huganda ikikosa hewa na kugusana na metali. Isitumike kwenye plastiki, kwani yaweza kuipasua.

Kinachosahaulika sana ni klachi ya kuteleza, iliyowekwa makusudi ili mshtuko uishie pale kabla ya kufika kwenye gia. Wengi huikaza hadi mwisho wakitaka gari liondoke kwa nguvu, na hapo difu inabaki bila kinga. Ikikazwa vizuri utaisikia ikilia kidogo gari linapoondoka ghafla, kisha inashika. Isipolia kabisa, ilegeze kidogo na ujaribu tena kabla ya kununua difu nyingine.