Je, Wajua? Kadi ya Thabeet Mnadani

Je, wajua ya kwamba Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam ambaye mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimteua wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wa mpira wa kikapu wa NBA, ilhali Stephen Curry alingoja hadi nafasi ya saba, hunadiwa hata leo mtandaoni kwa taswira yake iliyochapwa juu ya kadi za karatasi ngumu? Soko, lakini, halina uzalendo: kadi moja ya Curry ya msimu ule ule, yenye saini yake na kipande cha jezi, ilithaminiwa mwaka 2021 kwa dola milioni 5.9, na za Mtanzania wetu aghalabu huuzwa kwa dola chache tu.

Basi mkazi wa Kifungilo, huko milimani Usambara, aliyejaaliwa kupata kadi kama hizo na akanuia kuzinadi kwa mara ya kwanza, na azingatie bei zilizokwisha kulipwa, wala si zile wauzaji wanazozitamani. Apige picha mbele na nyuma, pembe zote nne zidhihirike, na dosari aitaje kabla mushtari hajaigundua. Hasimu wake mkubwa ni ukungu, kwani unyevu huipinda karatasi, na kadi iliyopinda hushuka daraja. Tena asifungue dau kwa senti akitumaini mashindano, maana mnunuzi akijitokeza mmoja, bei ni hiyo hiyo. Na ujira wa posta, kwa kadi ya dola mbili, waweza kuishinda bidhaa yenyewe.