Kiyoyozi kwenye kontena: kivuli kwanza, BTU baadaye

Kati ya Mtwapa na Kilifi mjini, kando ya barabara kuu, maduka ya kontena ni jambo la kawaida: saluni, wakala wa M-Pesa, chemisti. Kontena hununuliwa, hukatwa mlango na dirisha, biashara ikaanza. Ifikapo saa saba mchana ndipo mwenyewe hugundua amenunua jiko. Kwa chemisti, hilo si suala la jasho tu. Dawa nyingi za kawaida zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30 za selsiasi. Zikikaa kwenye joto zaidi, nguvu zake zinaweza kupungua bila dalili yoyote ya kuonekana kwa macho.

Wengi hukimbilia kiyoyozi kikubwa. Anza na kivuli. Paa la makuti lililoinuliwa juu ya kontena, upepo ukipita katikati, huzuia jua lisifikie chuma. Ndani, weka fomu ukutani na darini, kisha uifunike kwa plaiwudi. Bila hayo unalipia stima ya kupoza chuma.

Kontena la futi 20 lina sakafu ya takriban mita 14 za mraba. Likiwa na kivuli na fomu, kiyoyozi cha vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje, cha BTU 9,000 kwa kawaida hutosha. Likiwa juani, au limejaa watu na kompyuta, utahitaji cha 12,000, na bado kitahangaika. Wala usidhani kikubwa zaidi ni bora. Hupoza hewa upesi, kikazima kabla hakijatoa unyevu, na katoni zako zikabaki na majimaji.

Chagua cha inveta. Kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima, hivyo hula stima kidogo na haivuti kwa kishindo inapoanza. Tazama pia lebo ya nyota ya EPRA: nyota nyingi, matumizi madogo. Cha BTU 9,000 hutumia kama wati 800 kikifanya kazi kwa nguvu. Kwa saa 10, ni yuniti 8 kwa siku. Zidisha kwa bei ya yuniti kwenye tokeni yako ya mwisho kabla hujatoa pesa dukani. Vile vinavyoweza pia kutoa joto tuwaachie ndugu zetu wa Limuru na Nyahururu.

Kazi ya kufunga ndiyo yenye hatari. Shimo linalokatwa kwenye ukuta wa kontena huacha ukingo mkali kama wembe. Waya ukikwaruzwa hapo, kontena zima hupata stima, pamoja na ule mlango ambao mteja anaushika akiwa na viatu vilivyolowa. Kwa hiyo shimo livalishwe paipu ya plastiki, chuma cha kontena kiunganishwe na waya wa ardhini, na kiyoyozi kiwe na breka yake peke yake pamoja na swichi inayokata stima ikivuja. Mwombe fundi wa stima leseni yake ya EPRA. Usione haya, ni haki yako.

Kuchomelea kumalizike kabla paipu za gesi hazijafika, kwa kuwa gesi ya R32, iliyo kwenye viyoyozi vingi vya sasa, inaweza kushika moto. Paipu za shaba zitolewe hewa kwa pampu maalum kabla gesi haijafunguliwa. Fundi anayefungua gesi kidogo "kusukuma hewa nje" anakuharibia kompresa. Paipu ya maji iinamie nje. Kipande cha nje kifungwe kwenye fremu, si kwenye bati jembamba litakalotetemeka, na kioshwe kwa maji safi mara kwa mara, maana chumvi ya bahari hukila.

Kwa wenye chemisti, kiyoyozi si friji. Chanjo, na insulini ambayo haijafunguliwa, zinahitaji nyuzi 2 hadi 8. Kwa dawa nyingine, tundika kipimajoto kwenye rafu iliyo mbali zaidi na kiyoyozi, uandike kipimo asubuhi na alasiri. Kipimo cha asubuhi, kabla hujawasha, ndicho kitakachokuonyesha dawa zililalaje usiku.