Uji Mweupe Chini ya Kifuniko cha Oili

Asubuhi ya mvua mjini Arua, mwenye gari kuukuu hufungua kifuniko cha kutilia oili, akakuta chini yake utando mweupe mzito mfano wa uji. Jirani humwambia kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua; fundi wa kando ya barabara humtajia gharama ya kufungua injini; na karo ya watoto huanza kuhesabiwa upya nyumbani. Hata hivyo, mara nyingi injini hiyo haina ugonjwa mkubwa. Inaona baridi tu.

Huenda mtu akacheka kusikia habari za baridi katika West Nile, ambako jua la Januari huchoma. Lakini baridi inayosemwa hapa si ya hewa, bali ya injini yenyewe. Petroli inapoungua huzaa maji: lita moja hutoa karibu lita moja ya maji, na mengi yake hutoka kwa ekzosi yakiwa mvuke. Sehemu ndogo hupenya kando ya ringi za pistoni, hasa zilizokwisha kulika, ikashukia kwenye oili. Injini ikipata joto lake kamili, mvuke huo hufukuzwa kwa mpira wa kupumulia. Isipolipata, mvuke hugeuka matone kwenye chuma kilicho baridi, kama vile kifuniko cha juu, ukachanganyika na oili.

Askari anayeendesha kilometa mbili kwenda zamu, kisha mkewe akaenda sokoni na kurudi, hajaipa injini nafasi ya kupata moto. Wala kuliwasha gari uani dakika tano kila asubuhi ili betri ijae hakusaidii. Huongeza maji tu.

Sababu ya pili hutoka mikononi mwa watu. Themostati ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie nyuzi 82 au 88 hivi. Mafundi wengi hukitoa na kukitupa, wakidai kwamba nchi za joto hazikihitaji. Dai hilo lina asili yake, kwani themostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha injini. Lakini kuitupa ni kuficha kosa la rejeta iliyoziba au feni belti iliyolegea. Tena katika injini nyingine, kilango kisipokuwapo, maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari lililokusudiwa lisichemke likachemka zaidi.

Kuchunguza ni kazi nyepesi. Gari liwashwe likiwa baridi, na mkono, ukiwa mbali na feni, uguse mpira wa juu wa rejeta. Ukibaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ukapata moto kwa ghafula, themostati yafanya kazi. Ukianza kupata joto polepole tangu mwanzo, na sindano ya geji ikakaa chini hata safarini, basi kilango kimekwama wazi au hakipo.

Kikitolewa, hutundikwa kwa uzi katika maji yanayopashwa moto, kisiguse chini. Mji wa Arua uko meta 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 96 hivi. Joto hilo latosha kukifungua. Kisipofunguka, au kisipojifunga kikipoa, kinunuliwe kingine. Sufuria iwe ya kutupwa, isirudi jikoni kamwe, kwa maana dawa ya rejeta ni sumu.

Kabla ya kufurahi, gasketi nayo ipimwe. Injini ikiwa imepoa kabisa, maji ya rejeta yajazwe na alama iwekwe. Kisha kijiti cha oili kichomolewe. Oili ya kijitini ikiwa ya rangi ya maziwa, au kiasi chake kikiwa kimepanda, gari lisiendeshwe hata hatua moja, kwa kuwa oili yenye maji huua beringi za krenki. Maji yakipungua kila siku bila kuvuja nje, au mapovu yakizidi kutoka katika rejeta, hapo fundi na asikilizwe.

Lakini kijiti kikiwa safi na uji ukiwa kifunikoni tu, kifutwe, kisha gari lipelekwe Koboko. Barabara siku hizi ni ya lami, kilometa zipatazo 55, na mwendo huo watosha kuipasha oili yote. Kifuniko kikifunguliwa baada ya injini kupumzika kidogo, na kikaonekana kikavu, hakuna cha kufunguliwa katika injini. Oili na chujio vibadilishwe mapema kuliko desturi, maana unyevu uliokaa humo huzaa asidi. Na safari ndefu kama hiyo ifanywe mara kwa mara, hata ikiwa ni ya kuwasalimu wakwe.