Mfereji wa Nyongo Uzibwapo na Saratani

Mtu mzima wa Ruring'u, Nyeri, ambaye hajapata kuugua ini maishani mwake, akiona macho yake yamegeuka manjano, mkojo umekoza kama chai ya rangi, choo kimepauka, na ngozi inamwasha usiku kucha pasipo maumivu yoyote ya tumbo, asidhani kuwa kutoumwa huko ni heri. Kwani aghalabu ndivyo saratani ya kichwa cha kongosho, au ya mfereji wa nyongo wenyewe, inavyojidhihirisha.

Ini hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku, nayo hushuka kwa mfereji mwembamba hadi utumboni. Uvimbe ukiubana mfereji huo, nyongo hurudi nyuma ikaingia katika damu. Na kwa kuwa vitamini K haifyonzwi vema ila nyongo iwepo utumboni, damu nayo huchelewa kuganda.

Hapo kazi ya kwanza ni ya picha. Altrasaundi, ipatikanayo Nyeri mjini, huonyesha kwa muda mfupi kama mifereji iliyomo ndani ya ini imetanuka. Kisha CT skani hubainisha mahali palipoziba na hali ya mishipa ya damu iliyo jirani. Nasisitiza kwamba skani hii itangulie stenti, yaani mrija wa kuufungua mfereji ulioziba, kwa maana mrija ukishatiwa huiharibu picha, na kongosho likifura baadaye, ni taabu kupambanua uvimbe wa saratani na ufuraji wa kawaida. Tena mgonjwa ambaye uvimbe wake waweza kukatwa hima, pengine hahitaji mrija kabisa.

Kwa yule ambaye upasuaji haumfai, stenti ni rehema kubwa. Daktari hupitisha endoskopu kinywani, ikashuka tumboni hata penye kitundu ambapo mfereji humwaga nyongo. Hutia dawa ionekanayo kwa eksrei, hupenyeza waya mwembamba kuvuka pale palipobanwa, na juu ya waya huo husukuma mrija. Nib Soehendra, tabibu mzaliwa wa Indonesia, ndiye aliyeifungua njia hii huko Hamburg mwaka 1979. Mrija wa plastiki, wenye upana wa kama milimita 3, huelekea kuziba baada ya miezi mitatu hivi. Ule wa wavu wa chuma hujitanua hadi milimita 10 na hudumu zaidi, ila bei yake ni kubwa, na aila yapasa kuelezwa tofauti hiyo mapema. Njia ya kinywani ikishindikana, sindano hupitishwa ubavuni hadi ndani ya ini kwa kuongozwa na picha. Kazi hizi hufanywa Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 150, kwa hiyo barua ya rufaa isicheleweshwe.

Stenti haiponyi saratani. Lakini mtu aliyekoseshwa usingizi na mwasho akalala, akarudiwa na hamu ya kula, na ini lake likapata nguvu za kustahimili dawa za saratani, hilo si jambo dogo, wala sikubaliani na wasemao kuwa gharama hiyo hupotea bure kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona.

Nanyi mnaouguza nyumbani, Nyeri ni nchi ya baridi ambako malaria ni adimu. Basi mwenye stenti akishikwa na homa na mtetemeko, au macho yakarudia manjano, msidhani ni malaria mkamnunulia dawa dukani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda mrija umeziba na nyongo imeingia vijidudu, na maradhi hayo huweza kuua kwa siku chache.