Bustani ya mzee huanza na kiti: somo kutoka Kericho na Bomet

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Swali ni hili: wazee hao wakitoka nyumbani, mjini watakaa wapi?

Sisi wa pwani jibu tunalo. Nyumba za kale za Mombasa na Lamu zina baraza zake nje. Baada ya alasiri mzee huketi hapo, akasalimiwa, akaulizwa hali. Siku asipoonekana, jirani hupiga hodi. Baraza ile ni kiti, na ni ulinzi pia.

Sasa twende bara, Kericho na Bomet, kwenye mashamba ya majani chai. Wakipsigis nao wana kikao chao cha ujirani, kokwet, ambapo wazee hukutana kuamua mambo yao. Lakini kokwet ni ya kijijini. Mzee aliyeteremka mjini kwenda benki au hospitali hana baraza la jirani. Akichoka, husimama, au hununua chai asiyoihitaji ili apate pa kukaa.

Na uchovu wenyewe si wa kubuni. Aliyechuma majani miaka mingi, kapu mgongoni, akipanda na kushuka vilima, huzeeka na magoti na kiuno vinavyouma. Wengine waliishi nyumba za mashamba; kazi ikiisha huhama, na majirani waliozoeana hutawanyika. Mtu kama huyu anahitaji pa kunyoosha miguu na pa kukutana na wenzake.

Je, Kericho haina bustani? Inayo. Kilomita kama nane kutoka mjini iko Chagaik, bustani ya miti iliyoanzishwa na mkulima wa chai Tom Grumbley baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni pahali pazuri mno, lakini mzee asiye na nauli hafiki. Hilo ni somo la kwanza: bustani ya mzee ni ile anayoifikia kwa miguu yake. Kiwanja kidogo katikati ya mji, kama Chai Square, chaweza kumfaa kuliko msitu wa mbali.

La pili ni kiti chenyewe. Kiwe na egemeo na pa kushika pande zote mbili, kwani mwenye goti bovu huinuka kwa nguvu za mikono. Viti viwe karibu karibu, na vingine vitazamane ili watu wazungumze.

La tatu ni hali ya hewa. Mombasa twatafuta kivuli cha mwarobaini. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mvua hupenda kunyesha alasiri, mara nyingine ya mawe. Huko mti hautoshi, panahitajika paa. Njia isiteleze, na penye kilima pawe na mteremko wa taratibu wenye chuma cha kushikilia. Kwa mzee, kuanguka mara moja tu kwaweza kumvunja nyonga asitembee tena.

La nne ni choo. Mwenye sukari au tezi dume, asipojua choo kiko wapi, hatoki nyumbani. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 kuhusu miji inayowafaa wazee ulitaja viti na vyoo bayana. Shirika hilo pia lashauri waliofika miaka 65 wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kutembea kwatosha kuanzia, pakiwa na pa kutembelea.

Tena, kujenga si kutunza. Bustani hufa kwa kukosa mfagizi, balbu ya taa na maji ya choo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti bustani na mahali pa burudani. Basi bajeti ya kaunti inapoletwa kwa wananchi, wazee waulize: mshahara wa mfagizi umeandikwa wapi?

Nasi pwani tusijisifu. Kila ghorofa jipya likijengwa bila baraza, mzee mmoja amepoteza kiti. Tukiacha hivyo, kesho tutahitaji bustani hizo kuliko watu wa Kericho.